HESABU YA MAZIWA YA MTOTO NJITI

Masomo ya Redio kwa Watu Wazima: Hesabu na Afya ya Nyumbani

Kwa kiongozi wa darasa: Kabla ya somo kuanza, andika ubaoni maneno haya manne: kilo, gramu, lita, mililita. Weka mezani kijiko kidogo cha chai, kikombe kidogo cha kahawa, na chupa ya maji ya nusu lita. Kila mwanafunzi awe na daftari na kalamu.

Nawasalimu ninyi mlioketi madarasani Moshi mjini, na ninyi wa Machame, Kibosho, Uru, Kilema, Marangu na Rombo, mnaosikiliza katika baridi ya mlimani. Sogeeni karibu na redio ili kila mtu asikie.

Katika masomo yaliyopita tulijifunza kuzidisha na kugawanya. Leo tutatumia hesabu hizo mbili kwa kazi moja kubwa, nayo ni kujua mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake anywe maziwa kiasi gani. Hesabu hii ikikosewa darasani, tunaifuta na kuandika tena. Ikikosewa kando ya kitanda cha mtoto, madhara yake hayafutiki. Kwa hiyo tutakwenda polepole.

1. MTOTO NJITI NI NANI?

Mimba ya binadamu huchukua wiki 40 hivi. Mtoto akizaliwa kabla ya wiki 37 kutimia, twamwita mtoto njiti. Wazee wetu waliwajua watoto hawa, walisema, "Huyu ni wa miezi saba." Neno njiti si dharau. Njiti ya kiberiti ni ndogo, lakini ndani yake mna moto. Kazi yetu ni kuukinga moto huo usizimike.

Mara nyingi mtoto njiti huwa na uzito mdogo. Mtoto yeyote aliyezaliwa na uzito chini ya gramu 2500 anahesabiwa kuwa na uzito pungufu. Akiwa chini ya gramu 1500, huyo ni mdogo sana, naye ahitaji uangalizi wa hospitali mchana na usiku.

Sasa mtu atauliza: "Kwa nini tumpimie maziwa? Mbona watoto wengine hatuwapimii?" Swali hili ni zuri. Mtoto aliyetimia siku zake akiona njaa hulia. Akipewa ziwa hunyonya, na akishiba huliacha. Yeye mwenyewe ndiye kipimo. Lakini mtoto njiti hulala sana, na njaa yake haina sauti. Tena, kunyonya, kumeza na kuvuta pumzi kwa zamu ni kazi ngumu kwake. Watoto wengi hawaiwezi vizuri mpaka wafike kama wiki ya 34 tangu mimba ilipoanza. Kabla ya hapo hulishwa kwa mpira mwembamba unaopita puani au mdomoni mpaka tumboni, au kwa kikombe kidogo. Basi kwa kuwa hawezi kuomba wala kukataa, sisi tunahesabu kwa niaba yake.

Akipewa kidogo mno, sukari ya mwili hupungua, mwili hupoa, na uzito hauongezeki. Akipewa mengi mno kwa mara moja, hutapika, na maziwa yaweza kuingia mapafuni. Utumbo wake nao ni mchanga, waweza kuumia. Kwa hiyo kipimo sahihi kiko katikati, nasi twakitafuta kwa hesabu.

2. MAZIWA GANI?

Jibu ni maziwa ya mama yake. Maziwa ya kwanza yenye rangi ya manjano, yaani dang'a, yasimwagwe hata tone moja. Ni machache, lakini yana kinga nyingi. Mama wa mtoto njiti hukamua maziwa kwa mkono, walau mara 8 kwa siku, usiku nao ukiwamo. Maziwa yanapoondolewa, mwili hutengeneza mengine. Mama asiyekamua usiku ataona maziwa yake yakipungua.

Maziwa ya ng'ombe yasitumike, hata kama ng'ombe yuko zizini na maziwa ni mazito na mazuri. Maziwa hayo yana protini na chumvi nyingi kuliko figo na utumbo wa mtoto huyu unavyoweza kustahimili. Maji, asali, chai na uji pia visitumike. Ikiwa mama ni mgonjwa, au amefariki, au hana maziwa, daktari na wauguzi ndio watakaosema mtoto apewe nini. Jambo hilo lisiamuliwe jikoni.

3. VIPIMO VYETU

Tazameni ubaoni. Uzito twaupima kwa kilo na gramu. Kilo 1 ni gramu 1000. Maziwa twayapima kwa lita na mililita. Lita 1 ni mililita 1000.

Mililita 1 ni kitu kidogo sana. Kijiko kidogo cha chai kinachukua mililita 5 hivi. Chupa ya maji ya nusu lita inachukua mililita 500. Lakini msipime maziwa ya mtoto njiti kwa kijiko cha nyumbani, kwa maana vijiko havifanani. Tumieni bomba la sindano lisilo na sindano, au kikombe chenye alama, mlichopewa hospitalini.

Mtoto akiwa na gramu 1600, twaandika kilo 1.6. Twasoma: kilo moja nukta sita. Maana yake ni kilo moja nzima na sehemu sita za kumi za kilo nyingine. Angalieni nukta hiyo. Ikisahauliwa, 1.6 itakuwa 16, na mtoto atahesabiwa maziwa mara kumi ya haki yake. Kila mkiandika, someni kwa sauti mlichokiandika.

(Kimya kidogo. Wanafunzi waandike: gramu 1600 = kilo 1.6.)

4. HESABU YENYEWE

Ninyi mliolima kahawa hesabu hii mnaijua tayari. Tangu chama kikuu cha KNCU kilipoanzishwa mwaka 1933, wakulima wa Kilimanjaro wamepeleka kahawa yao kwenye chama cha msingi na kusimama mbele ya mizani. Karani anasoma kilo, kisha anazidisha kwa bei ya kilo moja. Kilo mara bei, ndiyo fedha yako. Mkulima ajuaye kuzidisha hapunjwi.

Kwa maziwa ya mtoto ni vivyo hivyo. Badala ya bei ya kilo moja, tuna maziwa ya kilo moja, yaani mtoto apewe mililita ngapi kwa kila kilo ya uzito wake katika siku nzima ya saa 24. Kiasi hicho hubadilika siku kwa siku. Siku ya kwanza ni kidogo, kisha huongezwa taratibu, ili utumbo uzoee. Kwa mtoto mwenye gramu 1500 au zaidi ambaye hali yake ni nzuri, kawaida huanzwa na mililita 60 kwa kila kilo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba maziwa ya mtoto wa namna hii yaweza kuongezwa mpaka mililita 30 kwa kila kilo kila siku. Sisi katika somo letu tutaongeza 20. Andikeni:

Siku ya 1: mililita 60 kwa kila kilo
Siku ya 2: mililita 80 kwa kila kilo
Siku ya 3: mililita 100 kwa kila kilo
Siku ya 4: mililita 120 kwa kila kilo
Siku ya 5: mililita 140 kwa kila kilo
Siku ya 6: mililita 160 kwa kila kilo

Baada ya hapo wengi hukaa kwenye 160, na wengine hufikishwa 180 kwa agizo la daktari. Mtoto mdogo zaidi, au mgonjwa, huenda akaanzwa na maziwa machache kuliko haya huku akipata maji ya mshipa. Wauguzi wa wodi wana jedwali lao. Jedwali la hospitali ndilo la kufuata. Hili letu ni la kujifunzia, ili mkiliona lile la hospitali mlielewe.

Hesabu ina hatua tatu. Kwanza, ZIDISHA. Pili, GAWANYA. Tatu, PIMA.

Tuchukue mfano wa mtoto wa kilo 1.6, siku ya kwanza.

Hatua ya kwanza, zidisha: kilo 1.6 mara mililita 60. Kama kuzidisha kwa nukta kunakutisha, ikate kazi vipande viwili. Kilo moja nzima inapata mililita 60. Imebaki nukta sita, yaani sehemu sita za kumi. Sehemu moja ya kumi ya 60 ni 6. Sehemu sita ni 6 mara 6, yaani 36. Sasa jumlisha: 60 na 36 ni 96. Mtoto huyu atakunywa mililita 96 kwa siku nzima.

Hatua ya pili, gawanya. Mililita 96 hazinywewi kwa mara moja. Mtoto analishwa kila baada ya saa 3. Siku ina saa 24. Saa 24 gawanya kwa 3 ni 8. Basi analishwa mara 8. Mililita 96 gawanya kwa 8 ni 12.

Hatua ya tatu, pima: mililita 12 kila mlo.

(Kimya kidogo. Wanafunzi wafanye wenyewe siku ya 2, yaani 1.6 mara 80, kisha gawanya kwa 8.)

Haya, mmepata ngapi? 1.6 mara 80 ni 128. 128 gawanya kwa 8 ni 16. Aliyepata 16 ajipigie makofi. Sasa tazameni orodha yote ya mtoto wetu:

Siku ya 1: 96 kwa siku, 12 kila mlo
Siku ya 2: 128 kwa siku, 16 kila mlo
Siku ya 3: 160 kwa siku, 20 kila mlo
Siku ya 4: 192 kwa siku, 24 kila mlo
Siku ya 5: 224 kwa siku, 28 kila mlo
Siku ya 6: 256 kwa siku; 32 kila mlo

Mmeona jambo? Kila siku mlo unaongezeka kwa mililita 4, si zaidi. Hii ni njia ya kujihakiki. Ukiona hesabu yako imeruka kutoka 16 mpaka 40, simama. Umekosea mahali.

5. SAA ZA KULISHA

Saa yetu ya Kiswahili inarahisisha kazi hii. Saa za kulisha ni 12, 3, 6 na 9 mchana, na tena 12, 3, 6 na 9 usiku. Anza saa 12 asubuhi, kisha saa 3, saa 6 mchana, saa 9 alasiri, saa 12 jioni, saa 3 usiku, saa 6 usiku, na saa 9 usiku. Hesabu kwa vidole: mara 8.

Sasa sikilizeni makosa matatu yanayoweza kutokea.

Kosa la kwanza ni kusahau kugawanya. Mtu anaona 96 kwenye karatasi, anadhani ni kipimo cha mlo mmoja. Hiyo ni mara nane ya kiasi chake.

Kosa la pili ni kuchanganya saa. Watoto wadogo zaidi hulishwa kila saa 2, yaani mara 12 kwa siku. Ukichukua kipimo cha saa 3, yaani mililita 12, ukampa kila saa 2, utampa 12 mara 12, yaani mililita 144. Haki yake ni 96. Umezidisha mililita 48, ambazo ni nusu nzima ya chakula chake.

Kosa la tatu ni la usingizi. Mama amechoka, anaruka mlo wa saa 6 usiku na wa saa 9 usiku. Anasema, "Nitafidia asubuhi." Milo miwili mara mililita 12 ni 24. Ukitoa 24 katika 96, mtoto amekosa robo ya chakula cha siku. Wala kufidia kwa mara moja hakufai, kwa sababu tumbo ni lile lile dogo.

6. MAZUNGUMZO

Sasa tutasikia mazungumzo mafupi. Mama mmoja yuko wodini Moshi na mtoto wake wa siku 4, kilo 1.6. Mama mkwe wake ameshuka na basi kutoka mlimani kuja kuwaona.

BIBI: Hodi, mwanangu.

MAMA: Karibu mama. Shikamoo.

BIBI: Marahaba. Nimekuletea mtori, ungali wa moto. Mjukuu wangu amekunywa?

MAMA: Amekunywa saa 3, mililita 24. Saa 6 atakunywa tena.

BIBI: Hizo mililita 24 ndizo kiasi gani?

MAMA: Hazifiki vijiko vitano vya chai, mama.

BIBI: Vijiko vitano! Mimi nimelea watoto saba, hakuna niliyempimia kwa vijiko. Mtoto mdogo namna hii ndiye anayetaka kushiba. Mpe mara mbili, apate mwili.

MAMA: Mama, wewe ndiwe uliyenifundisha kumwagilia miche ya kahawa. Tukiufungua mfongo wote juu ya kitalu, miche inakuwaje?

BIBI: Inang'oka yote, inakwenda na maji.

MAMA: Na tusipomwagilia?

BIBI: Inakauka.

MAMA: Ndivyo tumbo la huyu lilivyo. Jana alipewa 20, leo 24, kesho 28. Maji yanakuja, lakini kwa zamu.

BIBI: Na akitaka zaidi?

MAMA: Nitamwambia nesi. Tusiongeze wenyewe.

BIBI: Haya. Na huo mlo wa saa 9 usiku, nani anakuamsha?

MAMA: Hapa wauguzi wananiamsha. Nyumbani ndiko ninakokuogopa.

BIBI: Basi mkirudi, saa 9 ya usiku ni yangu. Usingizi wangu siku hizi ni mfupi. Nitakuamsha ukamue, nami nitamshika kifuani mpaka umalize. Niandike kwenye karatasi hiyo.

Ndugu wanafunzi, mmesikia. Bibi hakuwa adui wa mtoto. Alitaka ashibe, naye alikuwa na haki ya kueleweshwa. Alipoelewa, yeye mwenyewe alichukua zamu. Katika kihamba, mtoto halelewi na mtu mmoja. Hesabu hii ijulikane kwa baba, kwa bibi, na kwa dada wa nyumbani pia. Na mtori ule? Mtori ni wa mama. Mama akila vizuri, akinywa maji na kupumzika, hupata nguvu ya kukamua na kulea.

7. MIZANI NA SIKU ZINAZOFUATA

Siku za kwanza mtoto hupungua uzito. Msiogope mara moja. Aweza kupungua mpaka sehemu moja ya kumi. Mtoto wetu wa gramu 1600 aweza kushuka mpaka gramu 1440. Katika siku hizo msihesabu maziwa kwa uzito ulioshuka. Endeleeni na uzito wa kuzaliwa mpaka aurudie, jambo ambalo mara nyingi huwa ndani ya wiki mbili. Akishaupita, tumieni uzito mpya.

Mfano: mtoto yule yule sasa ana gramu 1750, yaani kilo 1.75. Anapewa 160 kwa kila kilo. 1.75 mara 160 ni 280. 280 gawanya kwa 8 ni 35. Basi mlo wake sasa ni mililita 35, si 32 tena. Asiyebadili hesabu mtoto akikua, anamlisha mtoto wa wiki iliyopita.

Tutajuaje kwamba maziwa yanamtosha? Mizani itasema. Mtoto njiti aliyekwisha kurudia uzito wake hutazamiwa kuongeza kama gramu 15 kwa kila kilo kwa siku. Kilo 1.6 mara 15 ni gramu 24 kwa siku. Kwa siku 7 ni gramu 168. Akiongeza chini sana ya hapo, au asipoongeza kabisa, mrudisheni kliniki pamoja na karatasi yake.

Akipata nguvu, atajaribu ziwa. Mwanzoni atanyonya kidogo na kuchoka, naye ataongezewa kwa kikombe. Siku atakapoweza kunyonya vizuri peke yake, hesabu ya mililita itakwisha, lakini mizani itabaki.

8. NAMNA YA KULISHA KWA KIKOMBE

Nawa mikono kwa sabuni. Kikombe kiwe kimeoshwa na kuchemshwa. Kikombe ni bora kuliko chupa ya chuchu, maana chupa huficha uchafu. Mtoto awe macho, akae wima mapajani, kichwa kimeshikwa. Gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, uinamishe kidogo mpaka maziwa yaguse midomo. Usimimine. Mwache ayavute kwa ulimi wake mwenyewe. Apumzike atakapo. Mlo uweza kuchukua mpaka nusu saa.

Kisha andika saa, kiasi alichokunywa, na kama ametapika. Akikunywa 20 badala ya 24, andika 20. Usiandike 24 ili karatasi ipendeze. Jioni jumlisha yote. Jumla ya siku ndiyo itakayomwambia nesi ukweli. Na mtoto ambaye hajaweza kumeza, asilishwe kwa kikombe mpaka wauguzi waseme yuko tayari.

9. JOTO NALO NI CHAKULA

Mtoto akiona baridi, mwili wake hutumia maziwa kutengeneza joto badala ya kujenga nyama. Wenzetu wa Kibosho na Marangu wanaijua baridi ya mwezi wa Juni na Julai. Mnaweza kuhesabu maziwa vizuri kabisa, yakaishia kwenye baridi.

Dawa yake ni kifua cha mama. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá nchini Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria aliona mashine za joto hazitoshi, akaanza kuwaweka watoto njiti vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo sasa huitwa matunzo ya kangaroo. Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali 5 za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto wa kilo 1 mpaka pungufu kidogo ya kilo 1.8. Waliowekwa kifuani mapema tangu kuzaliwa walilinganishwa na waliosubiri mpaka hali yao itulie. Katika kila watoto 100 waliosubiri, 16 hivi walifariki ndani ya siku 28. Katika kila 100 waliowekwa kifuani mapema, waliofariki ni 12. Toeni wenyewe: 16 toa 12 ni 4. Watoto wanne katika kila mia, kwa nguo ya kufungia na kifua cha mama. Baba naye ana kifua, na bibi pia.

10. DALILI ZA HATARI

Hesabu haishindi ugonjwa. Mkiona jambo lolote kati ya haya, msingoje mlo ujao wala asubuhi:

Mtoto anakataa kula au hawezi kuamshwa.
Anapumua mbio, mara 60 au zaidi kwa dakika, au kifua kinabonyea.
Anaacha kupumua kwa muda, au anageuka rangi ya bluu.
Mwili ni wa baridi hata akiwa kifuani, au una joto kali.
Tumbo limevimba, anatapika rangi ya kijani, au choo kina damu.
Viganja na nyayo zimekuwa za manjano.
Ana degedege.

Mpelekeni kwenye kituo kilicho karibu. Kule mlimani ziko hospitali za Machame, Kibosho, Kilema, Marangu na Huruma ya Rombo. Mjini iko Mawenzi, na iko KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, ambayo hupokea wagonjwa waliozidi uwezo wa hospitali nyingine. Njiani mtoto akae kifuani, ngozi kwa ngozi, afunikwe kichwa. Chukueni na karatasi ya maziwa. Daktari akiisoma, atajua mengi kwa dakika moja.

ZOEZI

Fanyeni hesabu hizi, kisha linganisheni na majirani zenu.

(a) Mtoto ana gramu 2000. Ni siku ya 1. Analishwa mara 8. Kila mlo apewe mililita ngapi?

(b) Mtoto huyo huyo, siku ya 3, kila mlo mililita ngapi?

(c) Mtoto wa gramu 1200 yuko hospitalini. Daktari ameagiza mililita 100 kwa kila kilo kwa siku, na alishwe kila saa 2. Kila mlo mililita ngapi?

(d) Mtoto anatakiwa kunywa mililita 30 kila mlo, mara 8 kwa siku. Mama ameruka mlo mmoja. Mtoto amekunywa mililita ngapi siku hiyo, badala ya ngapi?

Majibu: (a) 15. (b) 25. (c) 10. (d) 210 badala ya 240.

Aliyekosa (c) atazame tena idadi ya milo. Kila saa 2 ni mara 12, si mara 8.

KWA MAJADILIANO

Mwaka 1973, katika kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya, watu wazima wa Tanzania walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza, wakasoma, wakajadili, kisha wakaenda kutenda. Nanyi fanyeni hivyo leo. Jadilini: Katika nyumba yenu, mtoto njiti akirudi kutoka hospitali, nani atashika zamu ya saa 6 usiku, na nani ya saa 9? Nani atasoma karatasi ya nesi? Nani atafanya kazi ya shambani na ya zizi ili mama apate nafasi ya kukamua? Andikeni majina, maana kazi isiyo na jina huangukia kwa mama peke yake.

Basi ndugu wanafunzi, muda wetu umekwisha. Shikeni hatua tatu: zidisha, gawanya, pima. Shikeni na nukta yenu isipotee. Zaidi ya yote, msione haya kumwambia nesi, "Nisomee tena, nami nikuhesabie nione kama nimeelewa." Mwuguzi mwema hufurahi kuulizwa hivyo.

Katika somo lijalo tutajifunza kusoma kadi ya kliniki ya mtoto na mstari wa ukuaji wake. Atakayekuwa na kadi nyumbani aje nayo. Mbaki salama. Kwaherini.